Tulipokwenda Chemchemi ya as-Sab

Mtu aliyezaliwa Unguja au Pemba, ambako mvua ya masika humfuata mpaka ndani ya nyumba, ni taabu kumweleza maana ya neno chemchemi katika nchi ya ukame. Sisi wawili tulioandika makala hii tulidhani twalijua neno hilo. Tukisikia chemchemi, hutujia mara moja picha ya maji yabubujikayo chini ya miembe, na watoto wakiogelea, na wanawake wakifua. Kwa dhana hiyo tulipanda mlima wa jangwani, na kwa dhana hiyo hiyo tulimtia mtoto wa watu katika mashaka.

Ilikuwa mwezi wa Mei 2023, nasi tulikuwa wageni wa jamaa zetu Maskati. Kama wasomaji wajuavyo, Omani ina watu wengi wasemao Kiswahili, ambao wazee wao walikaa Unguja na Pemba, Mombasa, na bara mpaka Kongo. Baadhi ya jamaa hao wana desturi njema: mara kwa mara hukusanyika familia kadhaa, wake kwa waume, na vijana wao, wakaenda kwa miguu mahali fulani milimani pamoja na kiongozi mwenyeji. Mara hii ilikusudiwa chemchemi iliyoko juu ya mahame ya as-Sab, katika ubavu wa Jabal Shams. Tukaulizwa kama twapenda kufuatana nao. Tulikubali kabla swali halijamalizika.

Jabal Shams, yaani Mlima wa Jua, ndio mrefu kupita milima yote ya Omani. Kilele chake chafikia kadiri ya mita 3,000. Uko mwendo wa kama kilomita 240 kutoka Maskati, kwa njia ya Nizwa na al-Hamra. Basi ilitubidi tulale njiani, nasi tulilala Misfat al-Abriyyin, kijiji cha mawe kilichong'ang'ania ubavu wa mlima juu ya al-Hamra.

Yafaa tukae kidogo Misfat, kwa kuwa hapo ndipo tulipopaswa kujifunza, wala hatukujifunza. Kijiji hicho chaishi kwa falaj. Falaj ni mfereji uletao maji kutoka chemchemi au kutoka chini ya ardhi mpaka majumbani na mashambani, kwa kuteremka tu, pasi na mashine yoyote. Omani ina mifereji ya namna hii kama 3,000 ifanyayo kazi mpaka leo, na mitano kati yake, mathalan Falaj Daris ya Nizwa, iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Jioni ile tulikaa ukingoni mwa mfereji wa Misfat, maji yakipita mbio katika upana usiozidi dhiraa moja, na mitende ikitufunika. Tukasema: nchi hii wanaiita kame bure.

Mzee mmoja katika msafara wetu alisikia, akatabasamu. Mzee huyu alizaliwa Unguja, akaondoka angali mtoto baada ya mapinduzi ya 1964, na Kiswahili chake bado ni kile cha Mji Mkongwe. Wote tulimwita Mzee, nasi hapa twamwita hivyo. Alitueleza kwamba maji tuliyoyaona yakienda ovyo hayakuwa ovyo hata kidogo. Kila tone lina mwenyewe. Maji ya falaj hugawanywa kwa wakati: fungu liitwalo athar, aghlabu ni nusu saa, na mtu hurithi athar zake kama arithivyo shamba, akaweza kuziuza au kuziweka wakfu kwa msikiti. Zamani zamu hizo zilipimwa mchana kwa kivuli cha mti uliosimamishwa, na usiku kwa kuchomoza kwa nyota, na wako wasimamizi wa kuamua ugomvi. Tena maji yana mpango wa kutangulia. Mahali pa kwanza mfereji uingiapo kijijini ni pa kuteka maji ya kunywa, wala hapana ruhusa ya kuosha hata kidole hapo. Kisha hufuata msikiti, kisha mahali pa kuogea, kisha mitende, ambayo haiwezi kungoja, na mwisho kabisa ni mashamba ya mazao ya msimu, ambayo mwaka wa ukame huachwa yakauke.

Tulimshukuru kwa maelezo yake, tukayaandika daftarini. Kisha tukaenda kulala.

Alfajiri, baada ya sala, kiongozi alikuja. Alikuwa kijana wa mlimani, mwembamba, mwenye ndevu chache, na maneno yake yalikuwa machache kuliko ndevu. Alisema kwa Kiarabu, na jamaa wakatufasiria. Kila mtu mzima achukue lita tatu za maji. Mtu asimtangulie yeye, wala mtu asibaki nyuma ya binamu yake, ambaye angekuwa wa mwisho siku nzima. Mtu akihisi kichwa kuuma aseme mara moja, asingoje kuulizwa. Mzee akaongeza kuwa Mtume (s.a.w.) aliwaagiza watu watatu wakisafiri wamweke mmoja wao kuwa amiri, nasi tulikuwa ishirini na wawili, basi kijana huyu, ambaye huenda ni mdogo kuliko wajukuu wa baadhi yetu, ndiye amiri wetu mpaka tutakaporudi garini.

Katika msafara alikuwamo kijana wa miaka kumi na sita, aliyekuja na mama yake na dada zake wawili. Alikuwa mcheshi, mwenye kupenda habari za Unguja, na njia nzima alipanda gari letu akituuliza hili na lile. Tulipofika kijiji cha al-Khitaym, ambako barabara ya mawe huishia na njia ya miguu huanzia, tulimwona akitia chupa zake mkobani, nao mkoba ukamwelemea. Tukamwambia, "Mwanetu, si twaenda chemchemini? Ya nini kujitwisha maji kwenda kwenye maji?" Akacheka, akaacha chupa nne chini ya kiti, akabaki na moja. Sisi nasi tulichukua moja kila mtu. Na vijana wengine wawili waliosikia wakafanya vivyo hivyo.

Maneno hayo hakuna aliyetuuliza tuyaseme.

Njia ya as-Sab ni njia ya punda ya zamani, iliyochongwa katika ubavu wa korongo kubwa. Mkono mmoja ni jabali lililosimama wima, mkono wa pili ni genge, na chini kabisa, kadiri ya mita 1,000, ni bonde la Ghul, ambako nyumba zaonekana kama punje za mtama. Haina hatari kwa mtu anayeangalia mguu wake, wala si ya kupanda sana. Imetiwa alama za rangi tatu juu ya mawe, manjano, nyeupe na nyekundu, hata mtoto hawezi kupotea. Lakini kivuli hamna. Jua la Mei hupiga jabali, nalo jabali humrudishia mtu joto hilo usoni, mtu akawa kama aliye kati ya majiko mawili. Mizeituni pori na miti mingine yenye miiba husimama mmoja mmoja, imejikunja, kila mmoja umetafuta ufa wake.

Kiongozi alisimama mara moja, akatuonyesha jiwe lenye alama za makombe ya baharini. Milima hii yote ya chokaa ilikuwa chini ya bahari mamilioni ya miaka iliyopita, kisha ardhi ikainuliwa. Tukastaajabu, tukamtukuza Muumba, na vijana wakapiga picha. Na hapo ndipo tulipoona kuwa chupa ya yule kijana imekwisha. Ilikuwa bado saa nne haijafika.

Hatukusema kitu. Tulijua kuwa amiri aliagiza kusema, nasi tulinyamaza, kwa sababu kusema kungekuwa ni kukiri.

As-Sab ni kijiji kilichohamwa. Nyumba zake za mawe na udongo zimejengwa chini ya jabali lililojitokeza kama paa, hata mtu aonaye kwa mbali hawezi kutambua kama ni nyumba au mlima. Majiko yangalipo, na kuta zina masizi. Chini yake ziko ngazi za mashamba, zimejengwa kwa mawe moja juu ya moja mpaka ukingoni mwa genge, na udongo wake, tuliambiwa, ulichukuliwa vikapuni. Baada ya 1970, Omani ilipoanza kupata barabara, skuli na hospitali kila upande, vijiji vingi vya namna hii viliachwa na wenyewe, maana hapana mzazi atakayemnyima mwanawe skuli kwa ajili ya kukaa karibu na genge la mababu. Hatukuweza kuwalaumu. Lakini tulipoona mlango mmoja mdogo, ambao mtu mzima lazima ainame kuupita, tulihisi kama tumeingia nyumba ya watu bila ya kubisha hodi.

Hapo ndipo kijana wetu alipokaa chini ghafla. Uso wake ulikuwa umepauka, akasema kichwa kinamgonga na miguu inakamata. Mama yake akaja mbio. Alimshika kipaji, akatazama mkoba mwepesi, akauliza maji yako wapi. Kijana akasema yako garini. Mama akainua macho, akatutazama sisi, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Nyinyi ndio mliomwambia."

Tukasema ndiyo, ni sisi. Tulikuwa tumebakiwa na mafunda mawili matatu ya maji; tukayatoa, nayo yalikuwa aibu kuliko faida.

Kiongozi hakugomba. Alimlaza kijana chini ya paa la jabali, akamwinua miguu juu ya jiwe, akamlegeza viatu, akalowesha kitambaa akamweka shingoni. Mzee akatoa chupa yake ya lita moja na nusu, iliyokuwa haijafunguliwa, akatia chumvi kidogo na sukari aliyoibeba kwa ajili ya chai, akaitikisa, akampa kijana anywe funda kwa funda, wala si kwa mkupuo. Mama mmoja akatoa tende. Baada ya kadiri ya nusu saa rangi ilianza kumrudia, naye akaanza kuona haya, jambo lililotujulisha kuwa amepona. Lakini chupa ya Mzee ilikuwa tupu, na Mzee ana umri wa karibu miaka sabini, na njia ya kurudi ilikuwa bado yote.

Basi sasa tulikwenda kuiona ile chemchemi.

Hupandwa kwa mikono na miguu, nyuma ya mashamba, muda wa robo saa. Huko juu, chini ya jabali kubwa lililopinda, pana kidimbwi cha maji ya kijani, kipana kama chumba cha kulala, na kando yake ukuta wa mwamba uliolowa, wenye majani mabichi kama nywele. Kutoka katika majani hayo maji yalitona. Yalitona tu: tone, kisha tone. Hiyo ndiyo chemchemi ya as-Sab mwezi wa Mei. Mvua inyeshayo juu ya mlima hupenya katika nyufa za chokaa, ikateremka ndani kwa ndani, mpaka ikutane na tabaka gumu lisilopitisha maji; hapo huenda upande upande, ikatafuta mlango wa kutokea. Mlango wenyewe ndio huu. Na kijiji kizima kiliwekwa hapa, juu ya genge ambalo mbuzi huliogopa, kwa sababu ya mlango huu.

Kiongozi aliweka kikombe chini ya jani lililotona zaidi. Tulitazama saa: kikombe kilijaa kwa dakika mbili. Watu waliokosa maji sasa walikuwa sita, yaani sisi wawili, vijana watatu na Mzee. Kiongozi alitaka kila mmoja awe na lita moja ya kurudia. Vikombe vinne kwa lita, watu sita, dakika mbili kwa kila kikombe: ni dakika arubaini na nane za kukaa na kungoja. Tena aliyatia maji hayo vidonge vya kusafishia, maana mbuzi hulisha huko juu, na vidonge navyo vinataka nusu saa. Hatujapata kuketi karibu na maji tukayahesabu namna ile. Tuliikumbuka athar ya Misfat, tuliyoiandika daftarini kwa hati nzuri.

Vijana wawili walitaka kujitosa kidimbwini wapoe. Kiongozi aliwazuia kwa neno moja, na Mzee akawaeleza sababu. Kidimbwi kile ni cha mbuzi, ndege, na wapita njia watakaokuja kesho, na maji yaliyotuama Mtume (s.a.w.) alikataza yasichafuliwe kwa haja ndogo, basi mwenye akili hufahamu na yaliyo karibu na hayo. Tukavuta maji kwa kikombe, tukanawa mbali na ukingo.

Wakati wa Adhuhuri ulipoingia likazuka swali. Kijana mmoja alisema kwa kuwa maji ni machache, na tone ni la kunywa, basi sote tutayamamu. Alikuwa na hoja, maana mtu akichelea kiu yake mwenyewe au ya mwenziwe, au hata ya mnyama wake, huruhusiwa kuyaweka maji aliyo nayo na kutayamamu; nafsi yenye kiu hutangulia udhu. Lakini Mzee alionyesha kidimbwi, akasema, "Na haya je, mwanangu?" Kijana akasema ni ya kijani, yameharibika. Hapo Mzee akakumbuka darsa lake. Maji yaliyogeuka rangi kwa sababu ya kukaa sana, au kwa ukoga wa kijani uotao ndani yake wenyewe, hayakutoka katika utohara wake. Yatakasa na kutakasika. Kisichofaa tumbo la mgeni chaweza kufaa udhu wake. Na maji ya udhu si lazima yawe mengi. Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, nayo haifiki lita moja. Basi maji yalikuwa namna mbili na kazi zake mbili, na hapakuwa na sababu ya tayamamu. Tulitawadha kwa kikombe, mmoja akimmiminia mwenziwe, na maji yaliyoanguka yaliangukia shina la mti mdogo.

Tulisali juu ya ngazi ya shamba, pahali palipokuwa sawa, Adhuhuri na Alasiri pamoja kwa kupunguza, kama sunna ya msafiri, na Mzee alitusalisha. Sisi wa pwani ya Afrika tumezoea kuelekea kaskazini. Huko kibla ni magharibi. Hatukuwahi kusali mahali penye ukimya kama ule. Kijana wetu alisimama safu ya pili, amepona kabisa, na mama yake na dada zake nyuma yake.

Baada ya sala kiongozi hakutaka kuondoka. Alisema jua la saa saba si letu. Tulikaa kivulini mpaka saa tisa, na katika kukaa huko Mzee alisimulia jinsi Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hata 1888, alivyoleta maji mjini kwa mfereji kutoka chemchemi za upande wa Bububu, katika mji ambao watu walikuwa wakinywa maji ya visima na wakaangamia sana kwa kipindupindu. Alisema watu wa Unguja husema Barghash alikuwa na mapenzi ya majumba na taa, nayo ni kweli, lakini Mwomani akijenga mfereji mwulize babu yake alikunywa nini. Wengine wakacheka. Sisi tulikuwa tukimtazama mama wa yule kijana, ambaye tangu asubuhi hakutusemesha.

Tulimwendea. Tulisema kwamba tulisema tusilolijua, kisha tukanyamaza tulilolijua, na la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza. Alifikiri kidogo. Akasema yeye naye alimwona mwanawe akiacha chupa, akadhani wageni wanajua. Kisha akatupa tende, tatu kila mtu, tukala.

Maji ya vidonge yaligawanywa kwa kikombe, mmoja baada ya mmoja. Kiongozi alikunywa wa mwisho, kutoka katika chupa yake mwenyewe, nasi tuligundua kuwa siku nzima hatujamwona akinywa kabla ya mtu mwingine. Ladha ya maji yale ilikuwa ya dawa na ya mawe. Tuliyanywa kwa mafunda madogo, tukiyaweka mdomoni kabla ya kuyameza.

Kurudi kulikuwa chepesi, kwani upande wetu wa jabali ulikuwa umeingia kivulini. Tulifika al-Khitaym saa kumi na moja. Mbuzi wa kijiji walikuja kutupokea, maana wamezoea wageni, wakatia pua zao katika kila mkoba. Kijana alifungua mlango wa gari, akatoa chupa zake nne kutoka chini ya kiti. Tatu alizimimina polepole katika sinia kuukuu aliyoletewa na kiongozi, na mbuzi wakasukumana. Ya nne alimpelekea Mzee kwa mikono miwili.

Mzee aliifungua, akaonja, akaitoa mdomoni haraka. Maji yalikuwa yamepata moto kutwa nzima ndani ya gari.

"Mwanangu," akasema, "kwa haya, nitafutieni majani ya chai."